Nyonga ya mwanangu imepimwa mara tatu na majibu ni matatu. Nimuamini nani?

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Wete. Binti yangu ametimia wiki tisa. Tumboni alikaa kitako tangu mwezi wa saba. Wakamgojea ageuke, hakugeuka, nikapasuliwa mimba ilipofika wiki 39. Alitoka mzima, sauti yake ilisikika mpaka nje, na kunyonya ananyonya vizuri, alhamdulillah.

Kabla hatujaruhusiwa, daktari aliniambia mtoto aliyekaa kitako huangaliwa nyonga, akaniandikia altrasaundi. Niliifanya hapahapa Pemba mtoto akiwa na wiki mbili. Karatasi ilisema kulia alfa 58, kushoto alfa 54, nyonga hazijakomaa, kipimo kirudiwe. Sikufahamu hata neno moja, ila hilo "hazijakomaa" lilininyima usingizi.

Wiki ya sita nilimpeleka chanjo. Muuguzi akamlaza chali, akamkunja magoti, akayafungua pembeni, akarudia tena. Akaniambia mguu wa kushoto haufunguki sawa na wa kulia, bora nivuke Unguja nikamuoneshe.

Wiki ya saba tukavuka. Mahali pa kwanza, bwana aliyempima alinitaka nimnyonyeshe kwanza atulie, kisha akamlaza ubavu ndani ya kitu kama kihori kidogo cha sponji, mimi nikamshika bega. Alikaa naye muda mrefu, picha moja anaifuta anapiga nyengine. Majibu: kulia 63, kushoto 57, inafaa kwa umri, arudi wiki ya 12. Nikashukuru. Wifi yangu wa mjini akasema jibu moja halitoshi, twende kwengine tuhakikishe. Baada ya siku nne tukaenda. Pale foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, na dada aliyempima alitumia kile kichwa cha mashine alichompimia mjamzito aliyetangulia, akakifuta jeli akaanza. Dakika chache tu tumemaliza. Majibu: kulia 60, kushoto 51, displasia ya nyonga ya kushoto. Tukauziwa mkanda wenye kamba za mabegani na za miguuni, tukaambiwa avae usiku na mchana, turudi baada ya miezi miwili. Mkanda uko kabatini mpaka leo.

Mume wangu anasema hawa wa mwisho wanatafuta pesa, jibu ni lile la pili na mambo yameisha. Mavyaa anasema mtoto aliteguliwa na madaktari walipomtoa, kwa hiyo achuliwe na mafuta ya nazi, anyooshwe, kisha miguu ifungwe pamoja na kanga ili mifupa irudi. Tunaishi nyumba moja, nikiingia kuoga roho haitulii. Jirani naye anasema nimvalishe nepi mbilimbili.

Mtoto ni mmoja na kipimo ni kimoja, vipi majibu yawe matatu? Ndiyo kusema altrasaundi ni kubahatisha? Nimvishe mkanda au nisimvishe?

Mama wa binti, Wete

Tena: mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Na yeye ajitayarishe kwa haya?


Wa alaykumu salaam mwanangu, na hongera ya kujifungua.

Nianze na la leo, maelezo yatafuata. Mkanda usimvishe kwa mkono wako, wala usiutupe. Miguu isifungwe pamoja, si kwa kanga wala kwa chochote. Na wiki hii, si mwezi ujao, tafuta rufaa uonane na daktari wa mifupa anayeshughulika na watoto. Ukianzia hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani au Chake, waombe wakuandikie hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na wa Mnazi Mmoja wakiona haja watakupeleka MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Umeshaonana na wapimaji watatu. Ambaye hujaonana naye ni mtu wa kukaa na mtoto, akaziangalia karatasi zote tatu kwa pamoja, kisha akaamua. Hapo ndipo mambo yenu yalipokwama.

Sasa tuje kwenye zile namba, maana naona ndizo zilizokutisha.

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja, kikombe kimo kwenye mfupa wa nyonga wenyewe. Mtoto mchanga sehemu kubwa ya kiungo hiki ni gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Altrasaundi hulionesha, tena bila mionzi. Ndiyo sababu miezi ya mwanzo hutumika altrasaundi, na eksirei husubiri mpaka kiini cha mfupa kianze kujitokeza ndani ya lile tufe, mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa sita.

Namba hizo za alfa zinatokana na daktari wa mifupa wa Austria, Reinhard Graf, aliyeanza kuutangaza utaratibu wake mwaka 1980. Kwenye picha huchorwa mstari mmoja kufuata mfupa wa nyonga ulionyooka, na mwengine kufuata paa la mfupa la kikombe. Pembe baina ya mistari hiyo ndiyo alfa. Ikiwa kubwa, kikombe kina kina na kimelifunika tufe vizuri. Digrii 60 kwenda juu ni nyonga iliyokomaa. Chini ya 43 ni nyonga mbaya, tufe linatoka au limeshatoka. Katikati ya hapo ndipo wazazi wengi hukosa usingizi, na ndipo alipo binti yako.

Zingatia hili: baina ya 50 na 59, namba peke yake haina maana mpaka uijue na wiki ya mtoto. Kabla ya wiki 12, pembe hiyo huitwa nyonga isiyokomaa, na nyingi hukomaa zenyewe bila mtu kuzigusa. Pembe ileile baada ya wiki 12 huitwa displasia, yaani kikombe hakikukua kama inavyotakiwa, na hapo ndipo matibabu huanza kuzungumzwa. Kwa hesabu ya Graf nyonga hutakiwa iwe inapanda taratibu, mtoto akizaliwa na 50 basi wiki ya sita awe na 55 hivi, na wiki ya 12 afike 60. Anayepanda na hesabu hiyo husubiriwa. Aliyeachwa nyuma baada ya wiki ya sita huangaliwa kwa jicho jengine.

Chukua sasa karatasi zako uzipange kwa tarehe. Wiki ya pili, kushoto 54. Kwa mtoto wa wiki mbili hiyo si namba ya kulilia, iko mbele ya hesabu. "Hazijakomaa" maana yake ni hiyo tu, kama meno yake nayo hayajaota. Wiki ya saba, 57. Na hii iko kwenye njia, imepanda. Kwa hiyo jibu la kwanza na la pili havipingani, ingawa moja lilikuliza na jengine likakuchekesha. Ni nyonga moja iliyopimwa ikiwa na umri tofauti. Watu wengi hukosea hapa: huweka karatasi ya wiki mbili na ya wiki saba ubavu kwa ubavu, wakasema madaktari wamegombana.

Ugomvi wa kweli uko baina ya la pili na la tatu. Siku nne, digrii sita. Nyonga haiharibiki digrii sita kwa siku nne ndani ya mtoto anayenyonya na kulala. Hapa lazima kipimo chenyewe kiulizwe.

Katika kipimo hiki tofauti huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni kuchora mistari. Mpe mtu picha ileile leo na kesho, atakupa namba zinazotofautiana kidogo, hilo ni la kawaida kwa kila mpimaji, hata hodari. Mlango wa pili ni mpana zaidi, nao ni kuipata picha yenyewe. Altrasaundi hukata kiungo kwa mstari mmoja mwembamba, na kikombe kile ni cha duara. Pasua nazi katikati utaona kifuu chenye kina. Ipasue kwa pembeni utapata kibakuli kifupi, na nazi ni ileile. Mkono wa mpimaji ukielemea kidogo, au mtoto akijinyonga, nyonga nzima inaweza kuonekana ina displasia, na mara nyengine nyonga mbovu ikaonekana nzima. Ndiyo maana wapimaji wawili wanaompima mtoto upya, kila mmoja kivyake, hutofautiana zaidi kuliko wanaoangalia picha moja iliyokwisha kupigwa.

Graf alijua, kwa hiyo akaweka masharti. Picha haifai kupimwa mpaka vionekane vitu vitatu kwa wakati mmoja: ncha ya chini ya mfupa wa nyonga ndani ya kikombe, mfupa wa juu ukiwa umesimama wima bila kuelemea, na ile midomo ya gegedu ukingoni mwa kikombe, waiitayo labrumu. Kikikosekana kimoja, picha hutupwa, hupigwa nyengine. Nyonga iliyokwisha kutoka mahali pake ndiyo pekee yenye ruhusa ya kukiuka, kwa sababu tufe limehama na picha iliyonyooka haipatikani. Kile kihori cha sponji ulichokiona nacho ni katika masharti yake: mtoto alale ubavu, asigeuke, na mkono wa mpimaji uwe na pa kuegemea. Kunyonyeshwa kwanza si upole tu, ni sehemu ya kipimo.

Na kichwa cha mashine ndicho ninachotaka ukiangalie mwenyewe. Utaratibu huu unataka kichwa kilichonyooka, ambacho picha yake hutoka ya mraba, juu na chini upana mmoja. Kichwa kilichopinda, cha kupimia wajawazito, picha yake huwa nyembamba juu na inapanuka chini, na pembe zinazopimwa humo haziaminiki kwa nyonga. Toa picha ya tatu kwenye bahasha uitazame. Kama imepanuka chini, basi 51 hiyo sitaitupa, ila nitaiweka chini kabisa ya faili.

Usinielewe kuwa namkejeli yule dada. Foleni ndefu, mashine moja kwa kazi zote, mtoto analia na mama anasukumwa na wifi. Hata mwenye mkono mzuri hapati picha hapo. Kosa lao kubwa kwangu mimi si 51. Ni kuuza mkanda na kusema rudini baada ya miezi miwili.

Kabla sijafika kwenye mkanda, jambo moja jengine, kwani likikukuta Dar litakuchanganya. Si kila daktari hutumia alfa. Kuna utaratibu wa Marekani ulioanzishwa na Harcke, ambao mpimaji huusukuma mguu huku akitazama kwenye kioo kama tufe linachezacheza. Na kuna wanaopima tufe limefunikwa asilimia ngapi, wengi wakihesabu 50 kuwa ndio mpaka. Ukiletewa karatasi inayosema asilimia badala ya digrii, usiilinganishe na zako hizi. Uliza ni utaratibu gani, basi.

Sasa mumeo. Mwambie nimemsikia, na kwa namba peke yake nami naelemea upande wake: 57 ilipatikana kwa mkono uliotulia. Lakini "mambo yameisha" sikubaliani naye, na sababu si karatasi ya tatu. Sababu ni yule muuguzi wa chanjo. Alimfungua miguu, akahisi wa kushoto hauendi, akarudia ili ahakikishe. Hakuwa na mashine wala hakuuza kitu. Mguu mmoja kutofunguka sawa na mwenzake ni dalili ambayo madaktari wa mifupa huipa uzito, hasa mtoto akikaribia miezi mitatu, na inapokuja kwa mtoto wa kike, wa mwanzo, aliyekaa kitako, tena upande wa kushoto, sina ujasiri wa kuipuuza. Hizo nne nilizozitaja ndizo hasa zinazojulikana kuandamana na ugonjwa huu: wasichana hupata zaidi kuliko wavulana, na kushoto hupata zaidi kuliko kulia. Inaweza kuwa ni misuli tu iliyokaza kwa alivyolala tumboni. Mwenye kusema hivyo awe daktari aliyemshika mguu, asiwe baba aliyechoka na nauli za boti.

Nadhani, na hapa ni maoni yangu, kipimo cha mkono kimedharauliwa sana tangu mashine zizagae. Mtaliana Ortolani alikieleza kipimo chake miaka ya 1930, wakati altrasaundi haipo kabisa. Barlow, kule Salford, Uingereza, mwaka 1962 alionesha kuwa nyonga nyingi zinazocheza siku ya kuzaliwa hutulia zenyewe, zaidi ya nusu ndani ya wiki ya kwanza. Kutokana na hayo nchi zinazopima kwa mpango hazikimbilii siku ya kwanza. Uingereza watoto wenye hatari, akiwemo aliyekaa kitako, hupigwa altrasaundi wiki ya nne mpaka ya sita. Wajerumani hupima watoto wote, nao karibu umri huohuo. Ukipima mapema mno unakusanya nyonga changa na kuziita mbovu, unawaliza kina mama bure. Altrasaundi yako ya wiki mbili haikuwa na haraka hiyo, ila aliyeandika "rudia" alijua anachosema.

Mkanda. Huo wenye kamba za mabegani na miguuni unaitwa wa Pavlik, na si wa utapeli, mumeo alijue hilo. Ndio matibabu yanayotumika duniani kwa nyonga mbovu kwa watoto chini ya miezi sita, na ukivaliwa mapema huokoa watoto na upasuaji. Hushika magoti yakiwa yamekunjwa na kufunguka pembeni, tufe likae ndani ya kikombe, na kikombe kijifinyange kulizunguka. Lakini ni dawa, na dawa huwa na dozi. Ukifungua miguu kwa nguvu kupita kiasi, damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inaweza kukatika na mfupa ukafa, ukampa mtoto ulemavu ambao hakuzaliwa nao. Ukikunja sana, mshipa wa fahamu wa mbele ya paja hubanwa, na utaona mtoto ameacha kupiga teke kwa mguu huo. Kwa sababu hizo mkanda hufungwa na mwenye kuujua, kamba hutiwa alama, na mtoto huonwa tena kila baada ya wiki moja au mbili mwanzoni, kwa sababu anakua na kamba hazikui. Miezi miwili bila kuonwa haikubaliki, hata 51 ingekuwa ya kweli. Ukienda kwa daktari uchukue mkanda wenyewe, usinunue mwengine.

Atakachofanya sikiamui mimi, ila ujue cha kutarajia. Atamfungua miguu mwenyewe. Akikuta nyonga inacheza au tufe linatoka, hatangoja namba yoyote. Akikuta imara na miguu yafunguka sawa, pengine atakwambia tungoje, apimwe tena kabla au ifikapo wiki ya 12, na 60 ikionekana pande zote mbili ndipo mumeo aseme mambo yameisha. Akikuta imara lakini mguu umekaza, atataka picha mpya mapema. Na hapa madaktari wenyewe hawako pamoja: kwa nyonga iliyoachwa nyuma kidogo baada ya wiki ya sita, wengine huvisha mkanda, wengine husubiri huku wakitazama. Ukisikia maneno mawili hapo usidhani mmoja ni mjinga.

Kipimo kijacho kifanywe na mtu mmoja, na ikiwezekana awe yule wa kihori cha sponji, ili namba zake zilinganishwe na zake. Mwambie mapema umempeleka kwengine. Hatachukia, na akichukia shauri yake. Omba picha zenyewe, si karatasi ya majibu tu. Iandikwe tarehe, umri kwa wiki, kulia na kushoto, alfa na beta, na aina ya nyonga. Beta ni pembe ya gegedu, husaidia kuzigawa aina, usihangaike nayo. Binti yako alizaliwa wiki 39, kwa hiyo umri wake hauna hesabu ya ziada; mwenye njiti amuulize daktari wiki zihesabiwe vipi. Na mnyonyeshe mlangoni.

Mavyaa sasa. Huyu usimshinde mbele ya mwanawe, mchukue muende naye kwa daktari, aketi akisikie mwenyewe kwa masikio yake. Mpaka siku hiyo mwambie hivi: mafuta ya nazi mgongoni na tumboni hakuna aliyeyakataza, mchue mjukuu wako mpaka alale. Miguu usiivute wala usiinyooshe. Mtoto mchanga nyonga zake zinataka kukunjwa na kufunguka, mkao wa chura. Ukizilaza zimenyooka na kuzibana pamoja, unalisukuma tufe nje ya kikombe. Japani walikuwa na desturi ya kuwaviringisha watoto miguu imenyooka, na nyonga zilizotoka zilikuwa nyingi. Miaka ya 1970 wakafanya kampeni ya kuiacha desturi hiyo, zikapungua sana. Tena mwambie na hili, litampendeza: jambo analolijua tangu kwa mama yake, la kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga huku miguu imekumbatia kiuno, ndilo linalotajwa kuwa sababu mojawapo ya ugonjwa huu kuwa adimu Afrika. Akitaka kusaidia, ambebe, mara shingo ya mtoto itakapokaza. Kwa sasa akimpakata, magoti yawe yamepanuka. Na hakuna aliyemtegua mtoto chumba cha upasuaji. Mkao wa kitako ulianza miezi kabla ya kisu.

Nepi mbili hazidhuru wala hazitibu. Nepi moja itakuokolea sabuni.

Kuna sauti pia utaisikia, hukuandika lakini najua utaisikia sasa kwa kuwa unatega sikio: kiki, kiki, ukimvalisha. Vidogo vya namna hiyo ni mishipa na magoti, watoto wengi wanavyo. Mikunjo ya mapaja isiyolingana nayo huwatia watu hofu, na watoto wengi wazima wanayo. Ya kukukimbiza ni mengine: mguu unazidi kutofunguka, mguu mmoja unaonekana mfupi magoti yakikunjwa pamoja, au, kwa mtoto mkubwa, kuchechemea anapoanza kutembea. Hili la mwisho tusilifikie, kwa kuwa ikigunduliwa mtoto keshaanza kutembea mkanda haufai tena, na mazungumzo huwa ya kisu na plasta ngumu.

Swali lako kama altrasaundi ni kubahatisha, jibu ni hapana. Kwa nyonga iliyotoka na kwa nyonga iliyokomaa, wapimaji waliofunzwa hukubaliana vizuri. Hugombana mpakani, na mwanao yuko mpakani.

Kukhusu mdogo wako: undugu katika maradhi haya unahesabiwa, lakini mzazi na ndugu wa tumbo moja ndio wazito, mtoto wa mama mkubwa si sana, na binti yako bado hajaambiwa na mtu wa kuaminika kuwa ana ugonjwa. La kuangalia ni mtoto wake alivyokaa. Akifika wiki 36 bado amekaa kitako, hata akigeuka baadae, amwambie mkunga na aandikiwe altrasaundi ya nyonga ya wiki ya nne mpaka ya sita. Akiwa kichwa chini tangu mwanzo, watamfungua miguu tu kabla hajatoka hospitali, na tena kwenye kliniki ya wiki sita.